Kwa nini mwenzako hulala baada ya kahawa nawe hukesha

Kila jioni baada ya sala ya magharibi, muuza kahawa hufika kwenye baraza letu hapa Majengo akigonga vikombe. Dele lake la shaba liko juu ya makaa, kahawa imechemshwa na tangawizi hadi ikaiva, na kashata za karanga zimepangwa kwenye sinia. Mjomba wangu hunywa finjani tano, siku nyingine sita. Saa nne usiku yuko kitandani na mkoromo wake unasikika hadi uani. Mimi nikinywa moja tu wakati huo, nitahesabu mabati ya paa mpaka adhana ya alfajiri.

Kwa miaka mingi jambo hili lilikuwa mzaha barazani. Mjomba hujigamba kuwa kahawa iko kwenye damu ya ukoo wao, na kwamba mimi nimefuata upande wa baba, watu wa chai. Nilipoketi kusoma kuhusu kahawa na afya ili tuandike makala haya, nilikuta kwamba mjomba hakuwa mbali na ukweli. Kuna mahali alipokosea, hata hivyo, na kosa hilo lingeweza kumgharimu maisha. Nitafika huko.

Kazi inayofanywa na ini

Kinachochangamsha katika kahawa ni kafeini. Mchana kutwa, ubongo hukusanya kemikali iitwayo adenosini. Inapozidi, ndiyo huupa ubongo habari kwamba mwili umechoka. Kafeini inafanana na adenosini kiasi cha kukalia kiti chake. Adenosini ikifika inakuta nafasi imeshikwa, na habari ya uchovu haipokelewi. Uchovu wenyewe uko palepale.

Ili usingizi urudi, kafeini lazima ivunjwe na kutolewa. Kazi hiyo hufanyika kwenye ini, na asilimia 95 hivi ya kafeini hupitia mikononi mwa kimeng'enya kimoja kinachojulikana kwa jina la kitaalamu la CYP1A2. Vimeng'enya ni mafundi wa mwili: kila kimoja kina kazi yake maalumu. Maelekezo ya kumtengeneza fundi huyu yamo kwenye jeni, yaani vinasaba tunavyorithi nusu kwa baba na nusu kwa mama. Ipo na jeni ya pili, AHR, ambayo yenyewe haivunji kafeini. Inaamua mafundi wawe wengi au wachache.

Kwa mtu mzima wa kawaida, nusu ya kafeini aliyokunywa huwa imeondoka baada ya saa tano hivi. Lakini hiyo ni wastani tu. Wapo wanaochukua saa mbili, na wapo wanaochukua saa tisa au zaidi. Chukua watu wawili wa aina hizo, wote wamekunywa kahawa saa moja jioni kutoka dele moja. Ikifika saa tano usiku, yule wa kwanza amebaki na robo tu ya kafeini yake. Yule wa pili itamfika saa kumi za alfajiri na nusu nzima bado inazunguka kwenye damu.

Jeni hazifanyi kazi hiyo peke yake. Moshi wa sigara huwaongeza mafundi hao wa ini, ndiyo maana mvutaji huvunja kafeini haraka sana, karibu mara mbili ya asiyevuta. Akiacha sigara (na tunamwombea aache) asishangae kuona kahawa ileile aliyozoea sasa inamtetemesha mikono. Si ugonjwa, ni ini limerudi kwenye mwendo wake, na dawa yake ni kupunguza vikombe. Vidonge vya kupanga uzazi vyenye homoni ya estrojeni hufanya kinyume, huchelewesha kafeini karibu mara mbili. Dawa ya ciprofloxacin, ambayo wengi wetu tumewahi kuandikiwa, nayo humzuia fundi huyo kufanya kazi. Ukiwa kwenye dozi hiyo na moyo ukaanza kwenda mbio baada ya kikombe chako cha kila siku, sababu yaweza kuwa hiyo, na inafaa umwambie aliyekuandikia dawa.

Mapacha, chai na kwinini

Watafiti walijuaje kwamba hamu ya kahawa inarithiwa? Walianza na mapacha. Mapacha wa kufanana wana jeni zilezile, na wasiofanana hushiriki nusu kwa wastani, kama ndugu wengine. Ilionekana kwamba wale wa kufanana hukaribiana zaidi katika idadi ya vikombe wanavyokunywa kwa siku. Kutokana na hesabu za namna hiyo, urithi unakadiriwa kueleza kati ya asilimia 36 na 58 ya tofauti zilizopo baina ya watu katika unywaji wa kahawa.

Takwimu hiyo husomwa vibaya mara nyingi. Haina maana kwamba nusu ya kikombe chako kimejazwa na jeni. Inazungumzia tofauti baina ya watu wanaoishi katika mazingira yanayofanana. Mazingira yakibadilika, hadithi hubadilika. Mfano tunao hapahapa nchini. Kahawa ilianza kupandwa Kenya mwaka 1893, wamishonari Wafaransa walipoileta Bura katika vilima vya Taita. Leo inakuzwa Nyeri, Kirinyaga, Murang'a, Kiambu na kwingineko, na inasifiwa duniani. Lakini ingia katika nyumba ya mkulima wa kahawa kule milimani, utakaribishwa chai ya maziwa! Sehemu kubwa sana ya kahawa yetu huuzwa nje. Sisi wa pwani, ambao hatuna hata shamba moja la kahawa kisiwani, ndio tunaoinywa barazani, kwa desturi tuliyojengewa na majahazi ya Yemen na Ghuba. Hapo hakuna jeni iliyoamua. Ni historia.

Tukirudi kwenye maabara: mwaka 2011 watafiti waliokagua vinasaba vya maelfu ya watu walitambua kwamba tofauti ndogo karibu na zile jeni mbili za ini zinaendana na idadi ya vikombe. Mwaka 2014 ukatoka utafiti mkubwa zaidi, wa watu zaidi ya 120,000, wengi wao wenye asili ya Ulaya na baadhi Wamarekani weusi. Sehemu za vinasaba zilizohusika zikafika nane. Nyingine zinahusu ini, nyingine zinahusu jinsi ubongo unavyoonja raha ya kitu, na mbili zinahusu jinsi mwili unavyotumia sukari na mafuta. Kila moja husukuma kidogo sana, pengine sehemu ya kikombe tu kwa siku.

Kinachoshangaza ni kwamba jeni zinazomfanya mtu anywe zaidi ndizo zilezile zinazovunja kafeini haraka. Mnywaji mkubwa wa kurithi hana kafeini nyingi kwenye damu kwa kila kikombe. Anayo kidogo, inamwishia upesi, naye anarudi kwa muuza kahawa. Mwaka 2016 watafiti waliofanya kazi katika vijiji vya mikoa ya Puglia na Friuli nchini Italia walikuta jeni nyingine, PDSS2, inayoonekana kuizuia kafeini isivunjwe haraka, na wenye aina hiyo walikunywa vikombe vichache zaidi. Mjomba basi hana nguvu za ajabu. Huenda kafeini haikai naye.

Vipi kuhusu uchungu? Kwa fikra za kawaida, mtu anayeusikia sana uchungu wa kahawa angeikimbia. Mwaka 2018, uchunguzi wa vinasaba vya Waingereza zaidi ya 400,000 ulionyesha kinyume chake. Waliorithi ulimi mwepesi wa kuonja uchungu wa kafeini hunywa kahawa zaidi, labda kwa kuwa wamejifunza kuuhusisha uchungu huo na uchangamfu. Lakini waliorithi ulimi mwepesi kwa uchungu wa kwinini, dawa ya malaria ambayo wazee wetu hawajaisahau, hunywa kahawa kidogo. Ulimi una milango kadhaa ya uchungu, na kila mlango una jeni zake.

Kahawa ni dawa au ni sumu?

Hili ndilo swali watu hutaka lijibiwe kwa neno moja, na ndilo lililowapa watafiti taabu kubwa.

Mwaka 2006 utafiti uliofanywa nchini Costa Rica ulilinganisha watu 2,014 waliopata shtuko la moyo na wengine 2,014 ambao hawakupata. Kwa wale ambao jeni ya CYP1A2 ilikuwa ya aina ya polepole, kunywa vikombe vinne au zaidi kwa siku kuliendana na hatari kubwa zaidi ya shtuko la moyo, asilimia 64 zaidi ya wale wa aina hiyo waliokunywa chini ya kikombe kimoja. Kwa wenye aina ya haraka, hatari hiyo haikuonekana. Magazeti yaliipokea habari hiyo kwa shangwe, na kampuni za kupima vinasaba kwa mate zikapata bidhaa ya kuuza.

Kisha zikaja tafiti kubwa zaidi. Mwaka 2018, uchambuzi wa karibu watu nusu milioni wa Uingereza ulionyesha kwamba wanywaji wa kahawa walikufa kidogo kuliko wasiokunywa katika kipindi cha utafiti, na ilikuwa hivyo kwa wenye jeni za haraka na za polepole vilevile. Mwaka uliofuata, uchambuzi mwingine wa watu 347,000 wa nchi hiyohiyo uliona hatari ya maradhi ya moyo ikipanda kwa asilimia 22 kwa wanaozidisha vikombe sita kwa siku, na hapo pia jeni ya CYP1A2 haikuleta tofauti. Kwa maneno mengine, ile jeni iliyoonekana kuwa hakimu ya nani anywe na nani asinywe haikuthibitika katika kundi kubwa zaidi.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2024 ulinifanya nifikiri zaidi. Watafiti wa Marekani na Kanada walichukua makundi mawili: wateja 130,153 wa kampuni ya vinasaba ya 23andMe huko Marekani, na watu 334,649 kutoka hifadhi ya taarifa ya UK Biobank ya Uingereza. Waliuliza: jeni zinazoendana na kunywa kahawa zinaendana pia na nini kingine? Katika nchi zote mbili jibu moja lilikuwa thabiti. Zilizohusishwa na kahawa zilihusishwa pia na unene wa kupita kiasi na matumizi ya vitu kama tumbaku. Lakini walipofika kwenye afya ya akili, majibu yaligongana. Kwa Wamarekani, jeni za kahawa ziliendana na hatari zaidi ya matatizo kama wasiwasi na sonona. Kwa Waingereza, kwa sehemu kubwa, ziliendana na hatari ndogo zaidi.

Inawezekanaje jeni hizohizo ziseme mambo mawili? Tuanze na kikombe chenyewe. Wamarekani waliulizwa kuhusu kahawa yenye kafeini, kwa kipimo cha kikombe cha mililita 150 hivi. Waingereza waliulizwa kuhusu kahawa ya kila aina, hata iliyotolewa kafeini. Isitoshe, Uingereza ni nchi ya chai, na anayechagua kahawa huko si lazima afanane na anayeichagua Marekani, ambako kahawa huuzwa pia ikiwa imejazwa maziwa na sukari.

La pili ni kwamba vitu viwili kwenda pamoja hakumaanishi kimoja kimezaa kingine. Siku za masika utaona miavuli na matope kila mahali Mwembe Tayari, na hakuna atakayesema miavuli ndiyo iliyoleta matope. Jeni inayomfanya mtu apende raha za haraka yaweza kumpeleka kwenye kahawa, sigara na sahani ya pili ya biriani kwa mara moja. Ukimnyang'anya kahawa hujaigusa sigara.

Na tunapozungumzia nchi, kuna pengo linalotuhusu moja kwa moja. Kufikia mwaka 2018, watu wenye asili ya Afrika walikuwa asilimia 2 tu ya walioshiriki katika tafiti za aina hii duniani, na wenye asili ya Ulaya walikuwa asilimia 78. Ilhali Afrika ndiko vinasaba vya binadamu vina tofauti nyingi zaidi kuliko kokote. Kilifi, jirani zetu, wamekuwa mfano mzuri wa faida ya kuchunguza vinasaba vya watu wa mahali penyewe: watafiti huko wamechangia sana kueleza jinsi mtu aliyerithi jeni moja tu ya selimundu anavyokingwa dhidi ya malaria kali. Kwa kahawa hatujafika hapo. Kwa hiyo ukiletewa kipimo cha mate kinachoahidi kukuambia unywe finjani ngapi ili moyo wako uwe salama, jua kwamba ahadi hiyo imejengwa juu ya damu za watu wengine, na hata kwao haijasimama imara. Pesa zako zina kazi nyingine.

Alipokosea mjomba

Mjomba aliamini kwamba kwa kuwa kahawa haimnyimi usingizi, basi haimgusi moyo wala presha. Ni kosa rahisi kulifanya. Lakini kasi ya kuvunja kafeini ni jambo moja, na shinikizo la damu ni jambo jingine lenye jeni zake, nazo ni nyingi mno, pamoja na chumvi, umri, uzito na mazoezi. Hakuwa amepimwa presha hata siku moja katika miaka yake 61. Hakuwa peke yake. Utafiti wa kitaifa wa STEPS wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne nchini ana presha ya juu, na zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa.

Mwaka jana mhamasishaji wa afya ya jamii wa mtaa wetu alipita nyumbani na mashine yake. Kabla ya kufunga mkanda alimuuliza, "Mzee, umekunywa kahawa muda si mrefu?" Alikuwa ndiyo kwanza amerudi barazani. Akamwomba wakae nusu saa kwanza, kwa sababu kafeini huipandisha presha kwa muda na kipimo kingedanganya. Nusu saa ikapita wakizungumza habari za ndugu na jamaa. Kipimo kikasoma 164 kwa 102. Akapima tena, tofauti haikuwa kubwa. Akamwandikia barua ya kwenda kituo cha afya, na vipimo vya siku mbili nyingine vikathibitisha.

Kwa presha ya kiwango hicho, kahawa inahitaji uangalifu wa peke yake. Utafiti wa Japani uliochapishwa mwaka 2022, uliofuatilia watu zaidi ya 18,000, ulikuta kwamba kwa wenye presha ya 160 kwa 100 au zaidi, kunywa vikombe viwili au zaidi vya kahawa kwa siku kuliendana na hatari ya kufa kwa maradhi ya moyo na mishipa karibu mara mbili ya wasiokunywa. Kwa wenye presha ya chini ya hapo, hatari hiyo haikuonekana. Kwa hiyo ushauri wa jirani kwamba "kahawa haina neno" unaweza kuwa sahihi kwake na mbaya kwako, na mashine ya presha ndiyo inayotofautisha, si usingizi.

Wajawazito nao wana hesabu yao. Katika miezi ya mwisho ya mimba, nusu ya kafeini inaweza kuchukua saa 15 kuondoka, hata kwa aliyezaliwa na jeni za haraka, na kafeini hupita hadi kwa mtoto ambaye ini lake bado haliwezi kuivunja. Shirika la Afya Duniani linashauri mjamzito anayetumia zaidi ya miligramu 300 za kafeini kwa siku apunguze. Kikombe kikubwa cha kahawa huwa na miligramu 95 hivi, na chai, koka na vinywaji vya kuongeza nguvu nazo zihesabiwe humo. Vilevile, kahawa na chai huzuia madini ya chuma yasifyonzwe vizuri, kwa hiyo vile vidonge vya kuongeza damu unavyopewa kliniki vimezwe kwa maji, mbali na kikombe.

Na kwa sisi wa dele, mambo mawili ya jiko. Kahawa ya kuchemshwa isiyochujwa kwa karatasi hubaki na mafuta ya asili ya buni yanayopandisha kolesteroli mbaya. Mwenye tatizo hilo achuje au apunguze. Jingine ni joto. Mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiondoa kahawa kwenye orodha ya vinavyoshukiwa kuleta saratani, lakini likasema vinywaji vya moto unaozidi nyuzi 65 huenda vinasababisha saratani ya umio. Wacha finjani ipoe kidogo. Muuza kahawa hatakasirika, bado una kashata ya kumaliza, ingawa na hiyo sukari yake tungeizungumzia.

Wahamasishaji wa afya ya jamii hupima presha nyumbani bila malipo. Zahanati na vituo vya afya vya umma pia hupima. Usinywe kahawa wala kuvuta sigara kwa nusu saa kabla ya kipimo, kaa kitako umetulia, na utaje dawa zote unazotumia.

Mjomba sasa ana vidonge vyake vya kila asubuhi, na daktari amemwekea kikombe kimoja kwa siku hadi presha ishuke. Wiki iliyopita ilisoma 146 kwa 90. Bado anakwenda barazani baada ya magharibi, bado analala saa nne, na bado anasema mimi nimefuata watu wa chai.